Kukoroga Resini Kidogo Kidogo Karakanani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya fundi wa Mombasa anayekoroga gramu 20 hadi 500 kwa mara moja: anayeziba ufa wa mashua ya faiba, anayeunda bampa ya tuktuk, au anayemimina epoksi kwenye meza ya mwembe. Resini ni majimaji mazito yanayoganda kuwa plastiki ngumu yakitiwa dawa yake; poliesta na epoksi ni aina zake mbili. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Ya kuanzia

1. Poliesta na epoksi zinatofautianaje katika kukoroga?

Poliesta huganda kwa katalisti. Hiyo ni asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wa resini, na kazi yake ni kuwasha moto wa kikemikali. Kinachoshikana ni resini yenyewe na staireni, kimiminika chepesi kilichomo ndani yake. Ndiyo maana unaruhusiwa kupunguza katalisti siku ya joto na kuiongeza siku ya baridi, mradi usitoke nje ya mipaka ya mtengenezaji.

Epoksi haina ruhusa hiyo. Hadina yake, yaani dawa yake ya kugandisha, ni mwenzi wa resini, na kila sehemu ya resini ina sehemu yake ya hadina. Ukizidisha, ile ya ziada haina pa kushika: inabaki ndani ikilainisha kazi. Ukipunguza, ni resini inayobaki bila mwenzi. Anayeongeza "kidogo ili ikauke haraka" hajui anachokiharibu.

2. Nikiomba "hadina" dukani nitapewa nini?

Chochote kati ya vitu vitatu, na hapa ndipo makosa mengi huanzia. Neno hilo moja hutumika kwa katalisti ya poliesta (MEKP, majimaji maangavu yasiyo na rangi kwenye kichupa cha plastiki), kwa hadina ya epoksi (kopo au chupa kubwa, yenye harufu kali kama ya amonia), na kwa krimu ya pati ya magari, ambayo aghalabu ni nyekundu na hutiwa asilimia 2 hivi. Haziingiliani hata kidogo. MEKP kwenye epoksi haigandishi. Taja jina la resini uliyo nayo, na ikiwezekana nenda na kopo lenyewe.

3. Kwa nini nisikoroge yote mara moja nikamaliza?

Kwa sababu resini hujipasha moto inapoganda, na ikiwa nyingi ndani ya chombo kirefu joto halina pa kutokea. Joto huharakisha kuganda, kuganda huongeza joto. Nusu kilo ya epoksi iliyoachwa kwenye kopo inaweza kutoa moshi na kuyeyusha kopo lenyewe, wakati nusu kilo ileile iliyotandazwa kwenye ubao ingetulia saa nzima.

Kwa kazi ya brashi na mkeka wa faiba (nyuzi za kioo), gramu 200 hadi 300 za poliesta zinamtosha mtu mmoja asiye na msaidizi. Wawili wanaoelewana wanaweza kufika 500. Kipimo cha kweli ni hiki: koroga kile unachoweza kukimaliza katika nusu ya muda wa kuganda, wala si muda wote.

4. Nitajuaje kazi yangu inahitaji gramu ngapi?

Kwa mkeka wa nyuzi zilizokatwa, pima mkeka wenyewe kwenye mizani baada ya kuukata, kisha zidisha uzito wake kwa 2 hadi 2.5. Kiraka cha sentimita 30 kwa 40, tabaka mbili za mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba, kina uzito wa gramu 108. Andaa gramu 220 hadi 270 za poliesta. Kitambaa cha kufumwa hunywa kidogo zaidi ya uzito wake.

Kwa kumimina, zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita upate mililita, kisha zidisha kwa 1.1 upate gramu. Mfereji wa sentimita 60 × 4 × 1 ni mililita 240, yaani gramu 264. Ongeza gramu kumi au ishirini za kubaki kwenye kuta za kopo na ndani ya vinyweleo vya mbao.

## Kupima

5. Mizani ya jikoni inatosha?

Kwa nusu kilo ya poliesta, ndiyo. Kwa mkorogo mdogo wa epoksi, hapana. Chukua epoksi ya uwiano wa 100 kwa 20, nawe unataka gramu 10 tu: hadina ni gramu 1.67. Mizani inayosoma gramu nzima inaweza kukosea nusu gramu bila kukuonyesha, na hiyo ni karibu theluthi ya hadina yote. Mizani ya vipande vya gramu 0.1 hukosea asilimia 3 hivi, jambo linalovumilika. Vimizani vya mfukoni vinavyotumiwa na masonara vinafaa vizuri, ila angalia mwisho wa uwezo wake. Vingi huishia gramu 200 au 500, na kopo lako limo kwenye hesabu hiyo.

Jambo dogo lenye kuudhi: feni ya dari. Upepo wake hutikisa mizani ya 0.1 na namba hazitulii. Izime wakati wa kupima, au weka mizani ndani ya boksi la katoni lililolazwa ubavu.

6. Chupa imeandikwa 2 kwa 1. Ni kwa uzito au kwa ujazo?

Soma lebo yote, kisha karatasi ya maelezo. Usikisie, kwa sababu resini ya epoksi ni nzito kuliko hadina yake. Tuseme resini ina gramu 1.15 kwa mililita na hadina gramu 0.97. Uwiano wa 2 kwa 1 kwa ujazo ni 100 kwa 42 kwa uzito. Ukiipima kwa mizani 100 kwa 50 umetia hadina ya ziada kwa asilimia 18, na kazi itabaki laini kama raba.

Kama lebo inatoa uwiano wa ujazo peke yake, pima kwa sirinji au kwa kopo lenye mistari. Kama inatoa yote mawili, shika mizani: ni haraka zaidi na haiachi vyombo vya kuosha.

7. Katalisti nipime kwa matone?

Usipime kwa matone. Tone la kichupa hiki si tone la kile. Nunua sirinji za mililita 1, 5 na 10 kwenye duka la dawa, tupa sindano, na uziandike kwa kalamu ya wino usiofutika: hii ya MEKP, hii ya epoksi, zisibadilishane. Raba ya ndani huvimba ikikaa na kemikali, basi usiache sirinji imejaa ikisubiri kesho.

Jedwali la kubandika ukutani, kwa mililita za MEKP:

| Resini | 1% | 1.5% | 2% |
|---|---|---|---|
| gramu 50 | 0.5 | 0.75 | 1 |
| gramu 100 | 1 | 1.5 | 2 |
| gramu 250 | 2.5 | 3.75 | 5 |
| gramu 500 | 5 | 7.5 | 10 |

MEKP ni nzito kidogo kuliko maji, kwa hiyo hesabu hii inazidi ukweli kwa kiasi kidogo. Kwa kazi ya karakana haidhuru.

## Kukoroga kwenyewe

8. Kopo gani?

Geuza utazame chini. Namba 5 (PP) na namba 2 ni salama, na resini iliyoganda hubanduka yenyewe kesho yake ukilikunja kopo, ukalitumia tena. Namba 6 ni polistaireni: poliesta huitoboa, ukabaki na mkono mtupu na sakafu inayonata. Vikombe vya karatasi vyenye nta viache. Nta huchanganyika na resini na kuharibu mshiko. Kopo liwe pana kuliko lilivyo refu.

9. Nikoroge kwa muda gani?

Epoksi: dakika 2 hadi 3 kwa saa, si kwa makisio. Tumia kijiti bapa chenye ncha iliyokatwa mraba, ili kifike kwenye kona ya chini ya kopo. Kwangua kuta, kwangua chini, kwangua kijiti chenyewe, kisha endelea. Baadaye mimina kwenye kopo la pili safi na ukoroge dakika moja zaidi. Kopo la pili si anasa. Resini iliyoshika ukutani haijakutana na hadina, na ukiinamisha kopo la kwanza juu ya meza ukalikung'uta hadi tone la mwisho, ndiyo hiyo inayodondoka na kuacha doa lisilokauka.

Poliesta: dakika moja yatosha, maana ni nyepesi, ila kanuni ya kukwangua ni ileile.

10. Rangi na unga vitiwe lini?

Rangi itie kwenye resini yote ya kazi kabla hujaigawa makopo, la sivyo kila mkorogo utakuwa na kivuli chake. Tumia rangi ya resini, na usizidi asilimia 5 hivi. Rangi ya mafuta ya ukutani haifai.

Unga wa kuzitisha, yaani talki, silika laini au vumbi la mbao, huwa na nafasi mbili tofauti. Kwenye epoksi, koroga resini na hadina kwanza mpaka zichanganyike kabisa, kisha ndipo utie unga. Uji mzito hauchanganyiki vizuri na hadina. Kwenye poliesta unaweza kutia unga mapema, ukaacha mapovu yatoke, kisha ukatia katalisti mwishoni. Silika hupeperuka kama moshi, basi vaa barakoa ya vumbi.

11. Nina mikorogo sita mfululizo. Nifanyeje nisipoteze muda?

Kazi yote inayoweza kufanywa kabla ya katalisti ifanywe kabla. Kata mikeka na uipange kwa mpangilio wa kulazwa. Panga makopo sita, rudisha mizani sifuri kwa kila kopo, jaza resini gramu sawa kila moja, kisha andika ubavuni mililita za katalisti. Gramu zikiwa sawa, hesabu huifanya mara moja tu. Funika makopo kwa kipande cha nailoni ili staireni isiruke.

Baada ya hapo mzunguko ni mfupi: vuta katalisti, tia, koroga dakika moja, paka. Mkiwa wawili, mmoja akoroge na mwingine alaze mkeka, na anayekoroga asianze kopo la pili mpaka la kwanza libaki robo. Kila mkorogo uwe na kopo lake. Ukitia resini mpya juu ya mabaki yaliyoanza kuganda, mabonge na joto lake vinafanya kazi ya chachu na muda wako unakatika nusu. Brashi ikae ndani ya asetoni (kiyeyusho cha kusafishia) kati ya mkorogo na mkorogo, ikung'utwe na kupanguswa kabla ya kurudi kazini.

Kwa epoksi inayotumika kila siku, pampu zinazofungwa juu ya kopo huokoa muda mwingi. Kila asubuhi bonyeza mara moja moja juu ya mizani uhakikishe hazijavuta hewa.

## Joto na unyevu wa Mombasa

12. Chupa inasema dakika 30, mbona kwangu inaganda kwa 15?

Zile dakika 30 zimepimwa kwa nyuzi 25 au chini yake. Kwa makadirio ya haraka, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata muda nusu. Februari na Machi, mchana wa Mombasa ni nyuzi 32 au 33: dakika 30 zinakuwa 17 hivi. Chini ya mabati yasiyo na dari ni moto zaidi.

Poliesta ishushie katalisti hadi asilimia 1. Usiende chini ya hapo; itaganda nusunusu na isikomae hata baada ya wiki. Epoksi usiiguse uwiano, inunulie hadina ya polepole, ile inayouzwa kwa nchi za joto. Zote mbili zipozwe kabla: weka makopo yaliyofungwa kwenye karai la maji asubuhi, yafute kabisa kabla ya kufungua. Ukishakoroga, mimina kwenye sinia bapa badala ya kuacha ndani ya kopo.

13. Masika nifunge karakana?

Si lazima, ila mambo matatu hubadilika. Mkeka wa faiba hunywa unyevu. Uweke ndani ya nailoni iliyofungwa, la sivyo utaona weupe ndani ya tabaka. Mbao ya mwembe iliyokaa nje hewani kwetu hubaki na unyevu wa asilimia 15 hivi, na baada ya mvua za Mei huwa zaidi. Anayetaka kuimiminia epoksi aikaushe hadi 12. Na epoksi huota utando wenye mafuta juu yake, kwa sababu hadina hushika unyevu na hewa ukaa. Utando huo huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sponji ngumu kabla ya msasa. Ukianza na msasa unausukumia ndani ya mikwaruzo, na koti linalofuata litabanduka.

14. Saa ngapi za siku ni nzuri?

Poliesta: asubuhi, kuanzia saa tatu, umande ukishakauka. Epoksi kwenye mbao: alasiri, joto linapoanza kushuka. Mbao inayopoa huvuta hewa ndani. Mbao inayopata joto huitoa, na kila pumzi ni povu kwenye kazi yako.

## Mambo yakiharibika

15. Imebaki inanata. Nifanye nini?

Kwanza tambua ni aina gani ya kunata. Poliesta ya kulazia mkeka hunata juu kwa kawaida, maana oksijeni huzuia uso kukomaa; hiyo ni faida kwa tabaka linalofuata, na koti la mwisho hutiwa nta au hufunikwa nailoni. Kwangua kwa ukucha: kama chini yake ni pagumu, hakuna ubaya.

Kama ni laini hadi ndani, ulisahau katalisti au uliikoroga vibaya. Tabaka jembamba la poliesta linaweza kuokolewa kwa kupaka juu koti lenye katalisti ya kutosha na kuliacha juani. Epoksi laini haiokolewi. Ikwangue yote, pangusa kwa asetoni, anza upya. Madoa machache yanayonata huku pengine pagumu yanatokana na kuta za kopo (tazama swali la 9).

16. Kopo linatoa moshi!

Litoe nje, liweke juu ya mchanga, mbali na chochote kinachowaka, na usivute ule moshi. Kama bado ni majimaji, limwage litandazike mchangani. Lisitupwe kwenye pipa la takataka lenye vitambaa na makaratasi.

## Usalama

17. Kobalti ni nini, na kwa nini naambiwa niwe mwangalifu nayo?

Ni kiharakishi cha poliesta, cha rangi ya zambarau. Resini nyingi za madukani tayari zinacho ndani. Kama yako haina, koroga kobalti ndani ya resini kabisa kwanza, kisha ndipo katalisti. Kobalti na MEKP zisikutane ana kwa ana kamwe: hulipuka. Kila moja iwe na sirinji yake, na rafu zao ziwe mbali.

18. Barakoa ya kitambaa yatosha?

Haizuii mvuke hata kidogo. Inahitajika yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, pamoja na glavu za nitrili na miwani. MEKP ikiingia jichoni, suuza papo hapo kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kisha hospitali, inapofusha. Epoksi ngozini huoshwa kwa sabuni, si kwa asetoni, ambayo huipenyeza zaidi. Aliyeanza kuwashwa na epoksi aache kuigusa: mzio huo haurudi nyuma.

Staireni huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzi 31 hivi, nasi mchana wetu wa kaskazi unapita hapo. Sigara, jiko la mkaa na kuchomelea vyuma vikae mbali.

## Yasiyo ya kila siku

19. Nahitaji gramu 5 tu.

Koroga 20 na utupe 15. Hasara hiyo ni ndogo kuliko kurudia kazi, na swali la 5 linaonyesha kwa nini. Kilichobaki kiache kigande kwenye kopo kabla ya kukitupa. Resini mbichi isimwagwe mtaroni wala baharini.

20. Naweza kulegeza resini kwa thina?

Hapana. Thina hunaswa ndani na kuacha kazi ikiwa laini na yenye vitundu. Poliesta hulegezwa kwa staireni kidogo, kwa kiwango cha mtengenezaji. Epoksi hulegea kwa kupashwa joto, na Mombasa tayari imelegea.

21. Nikipaka poliesta juu ya epoksi?

Hushika vibaya. Epoksi juu ya poliesta iliyokomaa na kupigwa msasa, sawa. Na ule mkeka wa nyuzi zilizokatwa usiutumie na epoksi: gundi inayoushikilia mara nyingi huyeyushwa na staireni, ambayo epoksi haina, kwa hiyo mkeka hubaki mkavu na mgumu kukunja. Tumia kitambaa cha kufumwa.

22. Resini yangu ya epoksi imekuwa na chenga kama asali ya zamani.

Haijaharibika. Ilikaa mahali penye baridi, pengine kwenye chumba cha kiyoyozi. Weka chupa kwenye maji ya nyuzi 50 mpaka iwe angavu kabisa, iache ipoe, kisha pima. Poliesta iliyozitoka kama jeli ndani ya kopo ni habari nyingine: hiyo imeshaganda yenyewe kwa joto la stoo, na haina dawa.